Ng'ombe wa Ubaoni

Basi lilitoka Bweremana. Mwalimu Valens, mtoto wa wavuvi, alimweleza jirani yake wa kiti, muuza maziwa Libérata aliyekuwa akirudi kwake Kirotshe, jinsi darasa lake la kwanza huko Masisi kwa wafugaji wa ng'ombe lilivyomnyamazia mwezi mzima.

"Mimi najua samaki tu, Mama. Siku moja nikachora ku ubao muntu anakamua ng'ombe, ndama iko mbali. Wakacheka! Mutoto mwenye hasemake kitu njo akakuja kunikosoa. Sasa kila juma naachaka kosa moja ku tableau."

"Kwa kusudi? Watakuzarau!" Libérata alimfokea. "Na ndama inanyonya kwanza, njo maziwa inashuka."

"Kisha unaifunga nyuma?" Valens aliuliza kwa upole.

"Mbele! Mama yake ailambe!" Libérata alianza kukamua hewani kwa mikono miwili.

Basi lilisimama Sake. Libérata bado alikuwa akikamua hewani, na kwake Kirotshe walikuwa wamepita kitambo.