Laptopu Isiyofungwa

Laptopu ya fundi cherehani ikifungwa kifuniko, haiwaki tena mpaka kampuni iliyoitengeneza ifute kila kitu. Ndiyo maana alipanda treni ameibeba wazi, kama sinia la mayai.

"Dada, funga hicho kitu, kiwiko chako kinanichoma," alisema kinyozi aliyekaa ubavuni kwake, mkasi na kitana mfukoni.

"Nikifunga, kaka, harusi ya Jumamosi watu watavaa mashuka. Vipimo vyote vimo humu."

"Si uwaambie kampuni?"

"Waliniomba maoni. Nikasema waweke kijiti cha kuzuia kifuniko, kama cha dirisha. Wakanishukuru, wakaniletea begi la kuibebea. Haingii humo mpaka uifunge!"

"Mimi ningewaambia waking'oe kifuniko."

"Kioo kiko kwenye kifuniko, kinyozi we! Kwako kila kitu ni kukata tu."

Mimi niliyekaa mkabala nao nina simu ya vitufe na usingizi wangu mzuri.

Treni ilipofunga breki stesheni, laptopu iliteleza magotini. Kinyozi, kwa wema wake, aliidaka kwa viganja viwili, kimoja juu, kimoja chini. Tukasikia "tak."

Vilivyopotea ni vipimo vya bibi harusi, vya wapambe wake sita, na vya mama mkwe, aliyeapa kwamba kiuno chake kitapimwa mara moja tu.