Binti Yangu Aliyelala Ameketi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe na sisi tuliochoka, maana sifa ya mtu aliyechoka nayo humfikia. Mimi ni binti wa Bahizire na Nsimire. Nilizaliwa Minova, kando ya ziwa. Sikuingia darasani hata siku moja. Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu Neema, nami nimemkataza kuyapamba.

Ndugu zangu, vita ya kwanza ilitukimbiza. Tulilala familia nyingi katika chumba kimoja cha shule, tukipumuliana usoni. Binti yangu Furaha, wakati huo bado msichana, aliugua koo. Koo likapona, kisha magoti na viwiko vikavimba, maumivu yakihama kutoka kiungo hadi kiungo. Wazee walisema ni mifupa inayokua. Nani angebishana nao, wakati watu wanakufa kwa risasi? Maumivu yakapita, tukasahau.

Vita ya pili ilimkuta Furaha ameolewa, amemzaa Neema, na mumewe amekwenda migodini asirudi. Tuliishi mjini, mtaa wa Nguba, na njia ya kwenda kanisani ni ya kupanda. Furaha aliimba katika kwaya. Akaanza kusimama njiani, mkono kifuani, na wanakwaya wenzake wakamtania: “Furaha, unapanda mulima kama bibi-arusi mwenye hataki kufika!” Akacheka nao, kisha akakohoa. Baadaye miguu ikavimba. Baadaye hakuweza kumbeba mtoto wake mwenyewe.

Tulimpeleka kwenye chumba cha maombi. Kwetu mgonjwa hulazwa chali juu ya mkeka, mikono imenyooka, ili aombewe toka utosini hadi nyayoni. Kila walipomlaza, Furaha aliinuka kwa nguvu, macho yamemtoka, akitafuta hewa. Mama aliyeongoza waombaji akapaza sauti: “Munaona? Ule mupepo anakataa kulala! Mumushike!”

Wakamshika mabega.

“Maman, nakufa,” akaniambia.

Nikasema: “Mumuachilie. Ni mutoto wangu, hata kama iko na mapepo mia.”

Nikaketi mkekani nikampa mgongo wangu. Akaniegemea, mgongo kwa mgongo, akasinzia. Nyumbani pia tulilala hivyo, kwa kuwa magodoro na mito vilikuwa vimeporwa. Mgongo wangu hakuna askari aliyeutaka.

Asubuhi mchungaji wetu alitukuta katika hali ile. “Maman,” akasema, “dada yangu alilalaka hivi mbele ya kufa. Tumupeleke kwa docteur wa moyo. Maombi tutaendelea nayo mu njia.” Vijana wakambeba kwa tipoyi, kile kiti cha miti cha wagonjwa, naye ameketi. Mchungaji alitangulia akiomba kwa sauti, na milio ya bunduki ilikuwa inasikika upande wa pili wa mji.

Daktari huyo alikuwa bingwa wa moyo, tena alikuwa akitafiti kwa nini vijana wengi wa milima yetu wana mioyo iliyoharibika. Hakuanza na kifua.

“Maman, analalaka namna gani?”

“Anaikala,” nikajibu, yaani huketi.

“Na mu utoto, alishaumwaka koo, kisha viungo ikavimba?”

Ndugu zangu, nikamsimulia yote, tangu kile chumba cha shule. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza!

Akapitisha mashine kifuani, tukauona moyo wa Furaha ukicheza kwenye kioo. Alieleza kuwa moyo una milango ya kupitishia damu. Ugonjwa uliotoka kooni ulikuwa umeugandisha mmoja, damu ikakwama nyuma yake, na mapafu yakajaa maji. “Akilala,” akasema, “ni kama anazama mu ziwa.”

Mimi ni mtoto wa Minova. Nimeona waliozama wakivutwa hadi ufuoni. Kumbe binti yangu alikuwa anazama juu ya mkeka mkavu, huku watu wakimshika mabega!

Alipewa vidonge vya kuondoa maji mwilini, akakatazwa chumvi. Nikaificha, nikampikia sambaza, dagaa wa ziwa letu, bila chumvi. “Maman, hii sambaza iko na ladha ya karatasi,” akalalamika. Nikamjibu: “Kula. Wafu hawalalamikiaka chakula.” Lakini vidonge havifungui mlango. Mabingwa wa kupasua moyo walikuwa ng'ambo ya mpaka, na daraja la mpakani lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vita. Tukangoja. Sina neno zuri la kusema juu ya kungoja kule. Niliomba hadi maneno yakaniishia, nikabaki nikiomba kwa mgongo.

Daraja likafunguliwa, Bwana akatuvusha. Mabingwa wakaufungua ule mlango wa moyo. Alipopata nafuu, Furaha alilala chali. Alilala chali, ndugu zangu, akakoroma! Nikaketi kando nikilia, mgongo wangu ukiuma, na hapakuwa na mtu wa kuuegemea.

Baadaye daktari yule alikuja kuomba apime mioyo ya watoto wa shule. Wazazi walikataa, kwa kuwa vita ilitufundisha kumwogopa mgeni anayekusanya watoto. Nikamshika Neema mkono, nikampeleka wa kwanza. Akaonekana ana alama ndogo katika mlango uleule. Tangu hapo anapigwa sindano kila mwezi, ili koo lisiushambulie moyo tena.

Nawaambia, mtumainini Bwana. Ombeni. Lakini mgonjwa akikataa kulala, mwacheni aketi, kisha mwulizeni anavyolala na alivyougua utotoni. Bwana aliyenisikia katika chumba cha maombi ndiye aliyempa yule daktari swali lake.

Neema, sasa andika yako. Shika siku ya sindano, hata mvua ikinyesha, hata ukijisikia mzima. Chumvi iwe kidogo. Daktari alituambia kwamba mlango uliofunguliwa unaweza kuganda tena, na juzi nilimwona mama yako akitafuta mto wa pili wa kujiinua kitandani. Usingoje mtu aseme ni pepo wala ni uchovu. Kesho mpeleke kwa daktari. Na usiku huu keti nyuma yake, umpe mgongo wako. Wangu umekwisha kupinda.