Violeth Masalu Ashuka Jukwaani Segese

Leo, tarehe 30 Agosti 2025, Violeth Masalu anastaafu kuimba baada ya miaka ishirini na miwili. Mimi nina miaka kumi na mmoja tangu nitoke Kasulu kuja kusaga mawe ya dhahabu kwenye karasha hapa Segese, na kila Jumapili nimembebea spika. Shule niliishia darasa la tano, lakini bendi imesema niandike mimi.

Violeth alitoka kwaya ya Mhunze akaanzisha Kifusi Bendi, akapiga roki mahali ambapo hakuna aliyeijua. Gitaa lilikwaruza, sauti ikapanda mpaka mbwa wakahama. Wachimbaji walimzoea polepole. Mama yake, Mama Lusia, hakumzoea.

Mwaka 2016 aliingia mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Huku Usukumani vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Alipangwa kushindana na wacheza ngoma wa manju mmoja, kiongozi wa ngoma, aitwaye Ngassa. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba akishindwa anaacha gitaa, anarudi kwaya. Mama Lusia akaja na kiti, akakaa katikati kabisa.

Ngassa akapaza sauti: "Dada, hilo karasha lako limekatika mkanda?" Watu wakacheka, wakahamia kwake. Papo hapo jenereta yetu ikazima. Kosa lilikuwa langu. Karasha linakunywa dizeli, na kwa mazoea nikaitia dizeli jenereta ya petroli.

Violeth aliniangalia mara moja tu. "Boaz, lete ndoo."

Akaigeuza, akaipiga kwa kiganja, akaimba bila maiki. Kwa kuwa hawakusikia vizuri, watu wakasogea. Waliosogea wakawaziba wa nyuma, nao wakasogea. Mwishowe Ngassa alibaki na wachezaji wake, na nusu yao shingo zilikuwa zimegeukia kwetu. Mama Lusia akanyanyua kiti chake, akaja kukiweka mbele.

Baada ya hapo Violeth ameimba Geita, Kahama na Nkome, na amefundisha wasichana wanne gitaa. Leo hajaachishwa na mtu. Koo limechoka, na siku ameichagua mwenyewe.

Dada Violeth, ahsante kwa Jumapili zote. Ukirudi kwenu Mhunze uishi vizuri, ulale hadi jua litoke. Mama yangu Kasulu nilimwambia narudi Julai, nikakawia kwa ajili ya sherehe hii. Jumatatu napanda basi, Jumanne nipo nyumbani.