Sista Rispa Mniko na Skapulari za Mlango wa Upasuaji

Tarehe 31 Mei 2025, siku ambayo Wakatoliki wanakumbuka Mama Maria alipomtembelea Elizabeti, Sista Rispa Mniko anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu katika chumba cha upasuaji cha Hospitali ya Misheni ya Mama wa Matumaini, Migori. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Aliijaza kwenye fomu hata kabla ofisi haijamuuliza.

Wageni wengi walimdhania mtawa, kwa sababu ya lile jina la Sista tunalowaita wauguzi, na kwa sababu ya rozari iliyokuwa ikining'inia mfukoni mwake. Kisha mumewe, Mzee Boaz, angekuja kumchukua akiwa na watoto wanne nyuma yake, na wagonjwa wangebaki wakitazamana.

Alizaliwa upande wa Kuria, akaolewa Rangwe, na lugha yake ya Dholuo ina lafudhi inayotuchekesha mpaka leo. Aliripoti kazini mwaka 1992. Wakati huo mgonjwa akiingia kupasuliwa alivuliwa kila kitu, na medali, rozari na skapulari zote zilitupwa kwenye sinia moja. Mama mmoja alizinduka akapapasa shingo, hakukuta skapulari yake, vile vipande viwili vya kitambaa cha kahawia vinavyovaliwa kwa heshima ya Bikira Maria. Rispa, mgeni wa wiki tatu, alivaa glavu akaenda kupekua pipa la taka nyuma ya chumba cha dobi. Aliipata, akaifua, akairudisha ikiwa imepigwa pasi.

Lakini siku tunayoisimulia zaidi ni ya mwaka 2009. Terry, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliletwa kutoka Muhuru Bay mtoto akiwa amekwama na mapigo ya moyo wake yakishuka. Daktari Momanyi alikuwa tayari amenawa. Terry alishika skapulari yake kwa mikono miwili akakataa kuingia.

"Mama yangu alinivalisha hii kabla hajafa," alisema. "Mkiivua, mimi na mtoto hatutoki humo."

Mmoja wetu alitaka kuikata kwa mkasi. Rispa alimzuia. Alichomoa skapulari yake mwenyewe kutoka chini ya sare, akaivua mbele ya Terry.

"Nyamera, dada yangu, hii si hirizi," alimwambia. "Ni vazi la Mama Maria. Hata wewe ukienda kuoga unavua, na yeye hakuachi. Yangu na yako zitakaa pamoja. Ukifungua macho, utaniona nimeishika."

Terry alimtazama, akainamisha shingo.

Mtoto alitoka kimya. Rispa alimsugua mgongo, akamsafisha njia ya hewa, akampulizia pumzi kwa mfuko wa hewa, na mimi, fundi wa mashine niliyekuwa zamu, nikajikuta ninahesabu sekunde kwa sauti. Nilipofika arobaini na sita, alilia. Terry alipozinduka, Rispa alikuwa pale pale aliposema atakuwa. Alimvalisha skapulari kwanza, kisha akamwekea binti kifuani.

Wiki hiyo hiyo usimamizi ulikuwa unajadili kuwapiga marufuku wagonjwa kuja na vitu vya ibada. Rispa aliingia kikaoni na mfuko mdogo wa kitambaa cha buluu alioushona kwa mkono, wenye nafasi ya jina na namba ya kitanda. Aliomba ajaribu miezi mitatu. Tangu hapo hakijapotea hata kitu kimoja. Hospitali mbili za Homa Bay zimetuma wauguzi wao kujifunza kwake.

Mifuko hiyo haikuwa ya Wakatoliki peke yao. Hodan, mwenye duka la nguo mjini, alipokuja kupasuliwa nyongo, Rispa alipokea tasbihi yake kwa mikono miwili na kuiweka juu ya rafu ile ile ya skapulari na rozari. Kila Idi, Hodan humletea sambusa. Sisi ndio tunaozila.

Mimi ni Msabato, na Rispa hajawahi kunibishia siku yangu ya Sabato wala mimi rozari yake. Ila kila asubuhi aliisali akiegemea ukuta wa chumba changu cha mashine, na asubuhi moja nilimaliza maneno ya Salamu Maria, "sasa na saa ya kufa kwetu", kabla yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kwenye sherehe ya kumuaga, Terry atakuwa ukumbini pamoja na binti yake, aliye kidato cha tatu na anayetaka kuwa muuguzi. Jumatatu, Sista Liz, anayechukua nafasi ya Rispa, atasimama kwenye mlango wa upasuaji, naye amefundishwa vizuri.

Asante, Sista Rispa, kwa kila shingo uliyoiheshimu. Nenda Rangwe ukapumzike na Mzee Boaz, afya iwe tele, na Mama Maria akuombee siku zako zote.

Joash Omwenga, fundi wa mashine, chumba cha upasuaji