Tui la Kigango

Bajaji ya kwenda Bigwa ilibeba abiria watatu na ndoo moja ya kudekia, ile yenye mpini wa kukamulia dekio. Mzee Kasiani, katekista wa kigango, alikaa pembeni na rozari mkononi, ila masikio alikuwa ameyaelekeza kwa wanawake wawili.

"Shikamoo mama," alisema Shobha, mwenye duka la vyombo mjini. "Hizo ndoo nami nauza. Kanisa lenu lina sakafu kubwa?"

"Marahaba. Sakafu tunafagia tu," alijibu Mama Veronika, mpishi wa kigango. "Hii tunakamulia tui. Alipokuja Askofu tulikuna nazi arobaini za wali; kukamua kwa mkono, mikono ingekufa ganzi. Unatia nazi, unabana mpini, tui linashuka lenyewe."

Shobha aliitazama ndoo. "Mama, hiyo ni ya maji machafu."

"Maji yanachafuliwa na dekio, mwanangu. Sisi dekio hatutii humo."

Kasiani akashusha pumzi. Wali ule aliopikiwa Askofu, yeye mwenyewe alikula sahani tatu.

"Hakuna mwingine anayeitumia?" aliuliza Shobha.

"Padri tu. Huiazima Jumamosi akideki choo, na huirudisha imesuuzwa vizuri."

"Na tui mnakamua lini?"

"Jumapili."

"Basi itupeni, mama."

"Tuitupe inafanya kazi?"

Bajaji ikasimama. Mama Veronika akashuka, akajitwika ndoo, kisha akageuka. "Katekista, hebu mwambie huyu dada. Si wewe unayesemaga wali wetu wa Jumapili una ladha ya pekee?"