Barua ya Onyo kwa Walinzi wa Ini

Mgeni rasmi, daktari wetu wa ini. Meneja wa ghala. Mama mjane wa marehemu. Walinzi wenzetu wa zamu zote mbili:

Jumatatu ile filimbi ya saa kumi na mbili asubuhi haikulia. Tulisimama foleni mbele ya geti, mashati yamechomekwa, videvu vimenyolewa, tukimsubiri Mkuu wa Lindo aje kutukagua. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuchelewa. Saa moja na nusu shemeji yake, mlinzi wa geti dogo, ambaye ndiye msomaji wa risala hii, alipigiwa simu na dada yake kwamba Mkuu amelazwa, tumbo limejaa maji. Tulibaki kwenye foleni hadi saa tatu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kututawanya.

KUKUKARIBISHA

Daktari, karibu lindoni. Kiti ulichokalia ndicho pekee ambacho miguu yake minne inaelewana. Tunaomba radhi kwamba mkoba wako wa vipimo ulishikiliwa getini nusu saa. Aliyeushikilia alifundishwa kazi na marehemu.

HISTORIA YA MAREHEMU

Tulimwita Kagua. Alimkagua kila mtu, Meneja akiwemo, na kila kosa aliliandikia barua. Paka wa ghala alikuwa na barua mbili za onyo: moja ya kulala kazini, nyingine ya kuondoka lindoni bila kuaga. Zote zimo kwenye faili.

Siku tuliyokuja kumtazama wodini tulikukuta ukimweleza ugonjwa wake, nasi tukasimama pembeni kwa mstari. Ulisema ndani ya ini wamo walinzi, yaani chembe za kinga, na kwamba ini ni geti kubwa: damu inayotoka kwenye utumbo na mizigo yake hupita pale. Kwa hiyo walinzi wa pale wamezoea kutogombana ovyo na wapitao. Wangegombana na kila tonge, mwili usingekalika.

"Sasa hii saratani imepitaje?" akauliza Kagua. "Walilala?"

"Hawakulala, baba. Imewaonyesha kitambulisho."

"Wakakikagua?"

"Wakakiamini. Wengine wamepigana mpaka wamechoka. Na wapo walioanza kuisaidia. Wanaifungulia njia za damu, wanawazuia wenzao wasiiguse."

Kagua akageukia ukutani. Tulidhani ni maumivu, kumbe ni aibu. Baadaye akamwita shemeji yake. "Chukua karatasi. Andika."

Mama mjane ameturuhusu kuisoma: "Kwa walinzi wote wa ini langu. Yah: Onyo la kwanza na la mwisho. Imebainika kwamba mmemruhusu mtu asiyejulikana kuingia, kujenga, na kujivutia mabomba ya damu, nanyi mkimpungia mkono. Mjieleze kwa maandishi ndani ya siku saba." Akasaini, akadai mhuri. Wewe, Daktari, ulimgongea mhuri wa wodi bila kucheka. Hatujasahau.

MAFANIKIO

Dawa uliyompa, ile ya kuwafumbua macho walinzi ili wasidanganywe tena na kitambulisho kile, ilifanya kazi miezi mitano. Uvimbe ulinywea. Jumamosi moja Kagua alikuja lindoni na mkongojo, akatukagua, akawapa onyo watu wanne. Hatujawahi kufurahi kuonywa kama siku ile.

"Wa kwangu wamejirekebisha," alisema. "Bado nyie."

Mwezi wa sita uvimbe ukarudi, na safari hii dawa haikuuzuia.

CHANGAMOTO

Ulitueleza kwamba yote yalianzia kwenye homa ya ini aina ya B. Kirusi chake hukaa kwenye ini miaka na miaka, na walinzi wa mwili hupambana nacho humo humo ndani mpaka vyombo vya nyumba vinavunjika. Ini hubaki na makovu, na kwenye makovu saratani hupata pa kuota. Tukakuuliza kirusi hupitia wapi. Ukataja damu, ukataja sindano, kisha ukataja wembe. Watu kumi na mmoja tukashika videvu vyetu.

Daktari, Kagua hakutaka ndevu kwenye foleni. Katika chumba chetu kuna kioo kimoja, na palikuwa na wembe mmoja, ili asiwepo wa kusema amesahau wake nyumbani. Ulibadilishwa pale tu ulipoanza kung'oa. Tumekagua malori, mikoba, hata viatu vya wageni. Wembe haukukaguliwa na mtu.

Ulimwambia Kagua kwamba huenda kirusi alikuwa nacho tangu utotoni, na hakuna awezaye kujua. Hakusikia. Siku ya tatu akaomba karatasi, akajiandikia barua ya onyo yeye mwenyewe. Imo kwenye faili, juu ya zile za paka.

Ni wiki tisa sasa tangu tumzike, nawe umetuita tupimwe mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa na zamu. Mara ya pili kulikuwa na mawingu. Mara ya tatu tulifika hadi geti la hospitali, tukasalimiana vizuri na walinzi wa pale, tukarudi. Leo umekuja mwenyewe, na mlango wa chumba hiki ni mmoja.

MAOMBI

Tunaomba utupime sasa hivi, kabla hujanywa soda, maana ukishamaliza soda tutaanza kukushukuru na kukusindikiza. Majibu mpe kila mtu peke yake. Asiye na kirusi mchanje. Mwenye nacho usimtazame kwa huruma, mwandikie tarehe ya kurudi, tarehe tunaziheshimu. Wake zetu na watoto nao tutawaleta. Meneja tunamwomba aruhusu ndevu.

Mungu akujalie walinzi wasiodanganyika, Daktari, ndani ya mwili na nje yake. Naye Kagua ampumzishe mahali pasipo na geti.

Ni sisi walinzi wa ghala, zamu ya mchana na zamu ya usiku.

Wa kwanza kupimwa ni msomaji wa risala hii, aliyenyoa baada ya Kagua kila asubuhi kwa miaka tisa. Mkono wa shati ameshaukunja.