Mabomu Tuliyoyatupa Mawinguni

Wapendwa, mnanijua kama mzee anayefagia kanisa hili na kugombana na watoto wanaochezea spika. Leo nivumilieni. Nikikaa chini kabla sijamaliza, niinueni.

Wakati wa serikali ile ya wanajeshi hapa Uganda nilikuwa askari wa ndege za vita. Sikuwa rubani. Mimi nilikaa nyuma, rubani akitoa amri, mimi nafungulia mabomu. Vita na Tanzania vilipoanza tuliruka karibu kila siku, na tukishuka tulinunuliwa bia kwenye baa za Nakawa kama wafalme. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilizipenda zile bia. Ukiwa juu humwoni mtu. Unaona moshi, unageuka nyumbani.

Siku moja tulikuta mawingu yamefunika kila kitu, hatukuona pa kupiga. Sasa, kutua na mabomu tumboni ni hatari, mkigusa ardhi vibaya mmekwisha wote. Kwa hiyo tulikuwa na desturi ya kuyamwaga ziwani. Mvua inapiga, mafuta yanakwisha, rubani akapiga kelele, "Tupa yote!"

Nikamwambia, "Afande, chini sioni."

"Chini ni maji. Tupa!"

Nikatupa. Tulipotoka kwenye wingu nikatazama nyuma, nikaona kisiwa kidogo, kijani kabisa. Sikumwambia rubani. Jioni nikaenda kunywa bia.

Serikali ilipoanguka nilifungwa jela ya Luzira pamoja na wenzangu. Watu walidhani jela ndiyo iliyoniharibu. Hapana! Nilipotoka nilianza kunywa waragi, ile pombe kali, tangu asubuhi. Nilimpiga mke wangu, akarudi kwao, na alikuwa na haki. Samaki sikuweza kumla tena. Nikimwona kwenye sahani, nakiona kile kisiwa, najiuliza kama kulikuwa na watu.

Jirani yangu, mama Mkongo anayeuza samaki wa moshi soko la Nakawa, alikuwa akinitania, "Papa, samaki yangu ilikukosea nini?" Siku moja, nikiwa nimelewa, nikamweleza yote. Hakucheka.

"Ile kisiwa nakijua," akasema. "Kule ndiko nanunua. Kuko mama mmoja, bwana yake alikufa na radi wakati ya vita."

Nikajua radi ile ilikuwa bomu langu. Yeye hakunipa nafasi ya kujificha. Alinisimamia mpaka pombe ikanitoka, akanipandisha boti bandarini Port Bell.

Tulimkuta yule mama akigeuza samaki juu ya moto. Nikapiga magoti. "Mama, haikuwa radi. Ilikuwa bomu. Mimi nilikuwa juu, mimi nilitupa."

Alishika kuni mkononi. Nilidhani atanipiga, na ningekubali.

"Ilikuwa mtu?" akauliza.

"Ndiyo mama. Ni mimi."

Akaketi chini, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Halafu akasema, "Kuna waliosema ni bomu. Tukawacheka, ndege ya Uganda itatupa bomu kwa watu ya Uganda? Basi wakasema Mungu ndiye alipiga bwana yangu, tena kwa sababu ya dhambi yangu. Mimi nikaamini. Tangu siku ile sijaomba. Nilikuwa namuogopa."

Wapendwa, hapo ndipo nilipovunjika. Nilimuua mume wake, halafu nikakaa kimya, na kimya changu kikamnyang'anya na Mungu wake.

Hakusema amenisamehe. Msinipigie makofi, mpaka leo hajasema. Aliniambia niondoke kabla jua halijazama. Lakini jirani yangu alipokwenda tena kununua samaki, alimkuta yule mama kanisani, amekaa benchi la mbele, anaimba.

Waragi nimeacha. Usingizi mzuri bado siupati, na sidhani nina haki ya kuudai. Namshukuru jirani yangu aliyenishika mkono. Nawashukuru ninyi mlionipa ufagio mkijua nilikotoka. Na yule mama namshukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.

Ninalowaachia ni hili tu. Kama kuna mtu mahali anamlaumu Mungu kwa kazi ya mikono yako, usimwache Mungu aibebe. Nenda kwake, umwambie, ni mimi.